Fedha za Korona kwa Mashamba ya Marekani, na Daftari la Vihamba Vyetu



Kila mwaka kitabu hiki cha harambee hutenga kurasa chache kwa ajili ya historia. Huko nyuma zimeandikwa habari za mifereji, za shule za misheni, na za wazee waliotangulia kupanda kahawa. Safari hii kamati imetukabidhi kalamu sisi wa dawati la hesabu, na mhasibu akipewa kalamu ataandika habari za fedha tu. Tumechagua fedha ambazo hazikupita Rombo hata senti moja, yaani mabilioni ya dola ambayo serikali ya Marekani iliwalipa wakulima wake wakati wa korona. Atakayeuliza zinatuhusu nini, tunamwomba avumilie mpaka tufike kwenye masale.

Turudi kwanza mwaka 2020. Huku kwetu shule zilifungwa katikati ya Machi, ndege za watalii zikasimama Aprili, na Mei Kenya ikafunga mpaka wake na Tanzania kwa watu na magari ya abiria, yakabaki kupita malori ya mizigo. Mama zetu waliozoea kuvuka Holili na ndizi kwenda soko la Taveta, na wale wa Tarakea waliozoea kushuka upande wa Loitokitok, hawahitaji kusimuliwa. Mkungu hausubiri mpaka ufunguliwe. Kilichooza kilioza, kilichouzwa kiliuzwa kwa bei ya kutupa. Baadaye tulipotaka kukadiria hasara ile kwa ajili ya taarifa ya chama, tulikuta hakuna hata karatasi moja ya kuanzia. Kila mama alikumbuka kwamba alipoteza, na hakuna aliyekuwa ameandika alipoteza kiasi gani.

Wakati huohuo picha za wafugaji wa Marekani wakimwaga maziwa zilikuwa zinazunguka kwenye simu zetu, na wengi tulidhani ni uzushi. Zilikuwa za kweli. Kule mahoteli, migahawa na shule vilifungwa karibu kwa siku moja, na maziwa yaliyokuwa yakifungashwa kwa ajili ya shule yakakosa mnunuzi. Ng'ombe huwezi kumwambia apumzike kukamuliwa wiki mbili. Viwanda vikubwa vya nyama navyo vilifungwa baada ya wafanyakazi kuambukizwa, kikiwemo cha nguruwe kilichoko Sioux Falls, South Dakota. Nguruwe wakapita umri wa kuchinjwa huku hakuna pa kuwapeleka, na wafugaji wengine wakalazimika kuwaua na kuwafukia, wakati mjini watu walikuwa wanapanga foleni ya chakula cha msaada.

Aprili 17, 2020, serikali ya Rais Donald Trump ikatangaza mpango wa dola bilioni 19. Bilioni 16 zilikuwa za kuwalipa wakulima na wafugaji moja kwa moja, na bilioni 3 za kununua nyama, maziwa na mboga, kuvifungasha katika maboksi na kuvigawa kwa wenye njaa. Mpango huo wanauita kwa kifupi CFAP. Mei 26 madirisha ya kupokea maombi yakafunguliwa. Kuanzia tangazo hadi dirisha ni siku 39, na wiki chache baadaye fedha zilikuwa zinaingia kwenye akaunti za watu.

Hapo ndipo sisi tuliposimama na kuangalia vizuri. Nchi tajiri kutoa fedha nyingi si habari. Habari ni zile siku 39. Kila aliyewahi kushughulikia malipo ya serikali, popote duniani, anajua kwamba fedha kuwapo ni jambo moja na fedha kumfikia mtu anayestahili ni jambo jingine, na kwamba kati ya mambo hayo mawili kuna safari inayoweza kuchukua miaka. Wamarekani waliifupishaje?

Walikuwa na daftari. Wizara yao ya kilimo ina idara inayoitwa Farm Service Agency, yenye ofisi zaidi ya 2,000 zilizotawanyika wilayani. Shamba lililosajiliwa lina namba yake, ramani yake, jina la mwenye ardhi, jina la anayelilima, na akaunti ya benki ambako malipo hupelekwa. Ugonjwa ulipokuja, ofisi zilifungiwa wageni, lakini karani alipiga simu, akamtumia mkulima fomu kwa posta au kwa kompyuta, mkulima akajaza na kutia sahihi. Mengi ya yaliyohitajika yalikuwamo ofisini tayari.

Kilichobaki kilikuwa hesabu tu. Nguruwe mdogo, asiyefika kilo 54 hivi, aliyeuzwa kati ya Januari 15 na Aprili 15, alikuwa na bei yake ya fidia: dola 28. Ng'ombe aliyenenepeshwa tayari kwa kuchinjwa, dola 214. Aliyeuza nguruwe wadogo 500 katika siku hizo alistahili dola 14,000, na alipewa kwanza asilimia 80, yaani dola 11,200. Kilichobaki kikafuata Agosti, serikali ilipohakikisha kwamba mfuko utatosha. Wazee wetu wa kahawa watautambua mtindo huo mara moja. Ni malipo ya awali na malipo ya pili, kama yalivyokuwa chamani.

Septemba mwaka huohuo ikaja awamu ya pili ya hadi dola bilioni 14, ikaongeza mazao mengi yaliyoachwa katika awamu ya kwanza. Mwaka 2020 ulipofungwa, malipo yote ya serikali kwa mashamba, ya korona pamoja na ya kawaida, yalikuwa yamepita dola bilioni 45. Ilikuwa rekodi. Zaidi ya theluthi ya kipato halisi cha kilimo cha Marekani kwa mwaka ule ilitoka hazina ya serikali, na mashamba mengi yakafunga mwaka wa ugonjwa yakiwa na fedha nyingi kuliko mwaka uliotangulia.

Haki haikuwa nyingi humo. Ukimlipa mtu kwa idadi ya mifugo na mavuno, mwenye ng'ombe 1,000 atapata mara mia ya mwenye 10, hata kama mwenye 10 ndiye aliyekaribia kulala njaa. Waliweka kikomo cha dola 250,000 kwa mtu mmoja, lakini kampuni ya wabia watatu wanaofanya kazi shambani iliweza kufika dola 750,000. Wafugaji wa kuku wa mkataba, yaani wale wanaolea vifaranga vya kampuni kwa ujira, waliachwa nje kwa sababu kuku si wao, ingawa mabanda ni yao na mkopo wa kujengea mabanda ni wao. Ilibidi Bunge lipitishe sheria nyingine Desemba 2020 ndipo wafikiriwe. Vibarua wa kuchuma matunda na kukata nyama walisubiri zaidi, wakaja kutengewa dola 600 kila mmoja. Sisi tunaotoka mahali ambapo mtu hufuga ng'ombe wa mwenzake kwa makubaliano ya maziwa na ndama tunaweza kuliuliza swali hilo kwa lugha yetu. Ng'ombe akifa, anayepewa pole ni nani, aliyemnunua au aliyemkatia majani?

Daftari hilo halikuanza na korona. Lilianza katika mdororo mkuu wa uchumi, wakati bei ya pamba, ngano na mahindi ilipoanguka hadi haifai kuvuna. Mei 1933 Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria iliyowalipa wakulima ili wapunguze eneo la kulima, ili bei ipande. Ili umlipe mtu kwa kutolima ekari kumi, lazima ujue ana ekari ngapi, ziko wapi na zimepimwaje. Kwa hiyo zikaundwa kamati za wilaya za wakulima wenyewe, wakapima, wakaandika. Oktoba mwaka huohuo likaundwa shirika la serikali la kushikilia fedha za mazao, Commodity Credit Corporation, na shirika hilo lilikuwa bado hai mwaka 2020. Sehemu ya fedha za korona ilitoka mfukoni mwake. Miaka miwili tu kabla ya korona lilikuwa limetumika kuwalipa wakulima zaidi ya dola bilioni 20 kufidia hasara ya vita vya kibiashara na China. Mashine ilikuwa bado ina moto.

Sasa tazameni mwaka. Ni 1933 huohuo Chama Kikuu cha Ushirika cha Kilimanjaro, KNCU, kilipoanzishwa, kikirithi kazi ya chama cha wakulima wenyeji kilichoundwa 1925 kutetea haki ya Mchagga ya kupanda kahawa ya arabika, jambo ambalo walowezi hawakulipenda. Bei iliyowaangusha wakulima wa Marekani ndiyo iliyokuwa inawaumiza babu zetu. Na dawa yao, upande wa makaratasi, ilifanana na ile ya kule: mizani, karani, kadi ya mwanachama, risiti, leja. Si kwamba wote walifurahi. Mwaka 1937 kulikuwa na ghasia mlimani kwa sababu ya kulazimishwa kuuza kahawa kupitia chama. Lakini kwa miongo kadhaa mkulima wa Mashati au Mkuu alikuwa mtu anayejulikana kimaandishi. Leja ilionyesha alileta kilo ngapi, amelipwa nini, anadai nini. Ada za shule za wengi wetu, au za wazazi wetu, zilitoka kwenye mstari mmoja wa leja hiyo.

Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na sheria ya 1982 ikavirudisha. Kilichofuata mnakijua. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulilegea na bei ikaporomoka, miaka ya tisini biashara ikafunguliwa kwa wanunuzi binafsi, na watu wakaanza kung'oa mibuni na kupanda ndizi, maharage na nyanya. Hatuwalaumu, maana kwa bei zile nasi tungeng'oa. Ila kuna jambo ambalo halikuonekana wakati ule: aliyeng'oa kahawa alijing'oa pia kwenye leja. Ndizi haina karani. Maziwa yanauzwa kwa chupa ya soda, maparachichi kwa gunia, na anayenunua akishaondoka na pikipiki yake, shamba hilo kwa maandishi halijazalisha kitu mwaka ule.

Turudi Marekani, maana sehemu iliyotugusa zaidi hatujaieleza.

Daftari lile la 1933 liliandikwa na watu, na watu wana upande. Kusini mwa Marekani kulikuwa na wakulima wengi, hasa weusi, waliolima ardhi ya wengine kwa kugawana mavuno. Serikali ilipolipa fedha ya kupunguza pamba, hundi ilikwenda kwa mwenye ardhi. Alitakiwa agawane na mlimaji. Wengi hawakugawana, na wengine walimfukuza kabisa mlimaji, kwa sababu pamba ikishapunguzwa hana kazi naye. Kamati za wilaya za Kusini zilikuwa za wazungu watupu kwa miaka mingi. Hata katikati ya miaka ya sitini, tume ya haki za raia ya Marekani ilikuta hali ni ileile. Mkulima mweusi aliyekwenda kuomba mkopo wa mbegu alizungushwa mpaka msimu ukapita. Mwaka 1920 wakulima weusi Marekani walikuwa kama 925,000. Sensa ya kilimo ya 2017 ilikuta hawafiki 50,000.

Walishtaki. Kesi ya Pigford, iliyofunguliwa 1997, iliisha kwa maridhiano 1999, na wengi wa waliokubaliwa madai walilipwa dola 50,000 kila mmoja. Waliochelewa kuingia kwenye orodha wakatengewa dola bilioni 1.25 mwaka 2010. Lakini korona ilipokuja, mgawo ulifuata mifereji ileile ya zamani. Machi 2021 waziri mpya wa kilimo, Tom Vilsack, alisema kwamba katika fedha za korona za wakulima zilizotolewa chini ya serikali iliyomtangulia, wakulima weusi walipata asilimia 0.1 tu. Ni moja kwa elfu. Tunajua kwamba wao ni wachache na mashamba yao mengi ni madogo, na kwa malipo yanayohesabu wingi, mdogo hupata kidogo. Hata hivyo moja kwa elfu ni hesabu ambayo mkaguzi yeyote angeizungushia duara jekundu.

Sababu zake ni nyingi. Mojawapo ndiyo iliyotufanya tuandike makala hii. Kule Kusini, familia nyingi za weusi zinakaa kwenye ardhi iliyonunuliwa na babu au baba wa babu baada ya kuachwa huru. Babu hakuandika wosia. Mahakama na wanasheria hawakuwa rafiki zake. Alipokufa, ardhi ikawa ya watoto wote kwa pamoja, kisha ya wajukuu, kisha ya vitukuu walioko Chicago na Detroit ambao wengine hawajawahi kufika. Anayelima ni mmoja, wenye ardhi kisheria ni arobaini, na hati bado ina jina la marehemu. Mtu huyo akienda ofisi ya wilaya kuomba namba ya shamba, anaulizwa hati. Hana. Bila namba ya shamba, malipo ya serikali kwake ni kama mvua ya ng'ambo ya bonde, anaiona inanyesha. Ni mwaka 2018 tu ndipo sheria ya kilimo ilipoagiza wizara ikubali vithibitisho vingine badala ya hati, na mkulima wa aina hii akaweza kupata namba. Korona ilikuja miaka miwili baadaye, wengi hawajajua hata kwamba mlango umefunguliwa.

Hapa kila aliyezaliwa kwenye kihamba anajua tunakoelekea.

Kabla ya kufika, tuseme pia kwamba daftari linaweza kudanganywa. Sambamba na malipo ya wakulima, Marekani ilikuwa na mikopo ya korona kwa wafanyabiashara wadogo, ambayo aliyeitumia ipasavyo alisamehewa asilipe. Mkulima anayefanya kazi peke yake aliomba kwa kuonyesha hesabu zake za kodi. Mwanzoni walitazama faida, na wakulima wengi kwenye karatasi za kodi huonyesha hasara, kwa hiyo wakakosa. Mwisho wa 2020 sheria ikabadilishwa watazame mauzo. Mikopo ilipitia pia kampuni za mtandaoni zilizolipwa kwa kila mkopo waliopitisha. Mwaka 2021 waandishi wa habari wa ProPublica walifichua mamia ya mikopo iliyotolewa kwa biashara hewa, nyingi zikiwa mashamba hewa: ranchi za ng'ombe kwenye ukanda wa mchanga wa baharini huko New Jersey, mashamba ya michungwa Minnesota, mahali ambapo majira ya baridi ziwa huganda mpaka magari yanapita juu yake. Tulicheka sana dawatini, kisha tukakumbuka wafanyakazi hewa na vocha za pembejeo za hapa kwetu, kicheko kikaisha. Mtu mmoja tu anayeijua New Jersey angetosha kuizuia ranchi ile. Kwa kihamba, shahidi ni jirani wa upande wa juu na jirani wa upande wa chini. Hao hakuna kompyuta inayowazidi.

Na madeni ya zamani yanaendelea kusumbua. Machi 2021 Bunge la Marekani lilipitisha karibu dola bilioni 4 za kuwafutia madeni wakulima weusi na wa makundi mengine yaliyobaguliwa. Wakulima wazungu wakaenda mahakamani wakisema nao wanabaguliwa, majaji wakasimamisha malipo Juni, na Agosti 2022 kifungu hicho kikafutwa na kuwekewa kingine kisichotaja rangi. Mwishowe, Julai 2024, karibu dola bilioni 2 zililipwa kwa watu zaidi ya 43,000 walioweza kueleza walivyobaguliwa na wizara katika mikopo. Linganisheni: aliyekuwa daftarini alisubiri siku 39. Aliyeachwa nje alisubiri miaka, na wengine walisubiri mpaka wakafa.

Sasa nyumbani. Fedha za korona zilikuja Tanzania pia. Mwaka 2021 serikali ilipata mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi trilioni 1.3, na kila mmoja wetu anajua zilipoonekana: madarasa ya UVIKO. Nchi nzima yalijengwa madarasa 15,000, na watoto wetu wanayasomea. Sisi hatuna ugomvi na darasa. Tunaloliona kwa jicho la kihasibu ni hili: shule ina namba ya usajili, ina akaunti, ina mkuu wa kutia sahihi, kwa hiyo fedha ikija inajua pa kushukia. Kihamba hakina vitu hivyo. Hata kama mwaka ule serikali ingetaka kumlipa mama aliyeozewa na ndizi pale Holili, ingemlipa kwa orodha ipi?

Dalili ya kwanza kwamba mambo yanageuka ni ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23. Mkulima alitakiwa ajiandikishe kijijini, jina, simu, ukubwa wa shamba na zao, kisha akaingizwa kwenye mfumo na kupata namba ya kununulia kwa bei ya ruzuku. Ambaye hakujiandikisha alinunua kwa bei ya dukani. Kwa mara ya kwanza tangu leja za kahawa, wakulima wa ndizi na mahindi walianza kuwa na maandishi. Safari hii daftari liko serikalini, na litatumika kwa mambo mengi zaidi ya mbolea. Tungependa watu wetu wawemo.

Tatizo ni masale. Mpaka wa kihamba ni mstari wa masale uliopandwa na babu, na kwa miaka yote ulitosha, kwa sababu kila mtu aliuheshimu na kila mtu alimjua babu. Leo babu hayupo, baba hayupo, na kihamba kinaitwa bado kwa jina la babu. Kaka mkubwa yuko Dar es Salaam, mdogo yuko Mwanza, mwingine Marekani. Anayelima ni mama mjane, au dada aliyerudi nyumbani, au kijana wa kuajiriwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaruhusu hati ya hakimiliki ya kimila, na inamtambua mwanamke sawa na mwanamume, lakini familia ngapi kati yetu zimewahi kukaa chini kuandika? Tunakutana Desemba, tunachinja, tunakunywa mbege, tunaagana. Jambo la kihamba linaachwa kwa sababu linaleta maneno.

Katika kikao cha kamati tulibishana kuhusu safu za daftari. Pendekezo la dawati la hesabu lilikuwa na safu mbili za majina: mwenye kihamba na anayekilima. Wajumbe wengine, watu wa heshima, walisema safu ya pili italeta kesi; mjane au kijana wa kazi ataandikwa leo, kesho adai ardhi. Hofu hiyo tunaielewa. Lakini tuliwasomea wajumbe habari ya pamba ya 1933, hundi iliyokwenda kwa mwenye ardhi huku aliyelima akifukuzwa, tukauliza: katika hadithi hii, sisi tulio mjini ni nani? Palikuwa na kimya. Ruzuku ikija kwa jina la kaka aliye Sinza na mbolea ikahitajika Useri, kuna njia nyingi za ile fedha kupotea kati ya mahali hapa pawili, na nyingine tunazifahamu vizuri kuliko tunavyopenda kukiri.

Safu mbili zimepita. Juu ya ukurasa itaandikwa wazi kwamba anayelima ameandikwa kwa ajili ya mazao na misaada, si kwa ajili ya umiliki, na kwamba daftari la chama halichukui nafasi ya hati wala ya baraza la ardhi la kijiji. Kila ingizo litakuwa na sahihi za majirani wawili wanaopakana.

Fungu la kwanza la harambee ya mwaka huu litalipa kazi hiyo: mpimaji na vijana wa kumsaidia, vitabu viwili vya kila kijiji, kimoja kikae ofisi ya kijiji na kingine chamani, na ada kwa familia zitakazokuwa tayari kuomba hati ya kimila lakini hazina uwezo. Matumizi yote yatakaguliwa na kuchapishwa kwenye kitabu cha mwakani, risiti kwa risiti.

Tutakuwa na meza kwenye viwanja vya mkutano kuanzia siku ya pili baada ya Krismasi hadi mkesha wa Mwaka Mpya. Njooni na kitambulisho, namba ya simu ya anayelima, majina kamili ya warithi wote wakiwemo dada walioolewa, na, kama ipo sandukuni, kadi ya zamani ya kahawa ya babu. Kadi hizo tutazipiga picha na kuwarudishieni palepale. Ambaye hatafika nyumbani mwaka huu amtume mdogo wake na barua. Na kama mama yenu ndiye anayelima, mleteni mwenyewe mezani, mumpe kiti, muache aeleze mpaka unaanzia wapi.